Tumebana Matumizi: Namna ya Kuihakiki Kauli Hiyo Ukiwa Kilosa au Mikumi

Mwanasiasa akisema amejenga zahanati, utapanda bodaboda uende ukaione. Akisema amechimba kisima, utakwenda na ndoo. Lakini akipanda jukwaani na kusema "tumebana matumizi", utakwenda kutazama nini? Safari isiyofanyika haina picha. Semina iliyofutwa haina jiwe la msingi. Kauli hii hupendwa kwa sababu hiyo hiyo: humpa msemaji sifa bila kumpa msikilizaji cha kukagua.

Hata hivyo inakagulika, tena na mtu asiyesomea uhasibu, mradi awe na kalamu, simu yenye kikokotoo na subira ya kusoma karatasi chache. Kanuni ni moja: fedha iliyookolewa kweli lazima ionekane mahali. Ama imebaki kwenye akaunti, ama imelipia kitu kingine unachoweza kukifuatilia. Isipoonekana kokote kati ya huko, basi limetokea mojawapo ya mambo manne: haikuwahi kuwapo, imehamia kwenye vitabu vya taasisi nyingine, imegeuka deni, au mzigo wake umetua kichwani kwako. Hatua zifuatazo zimepangwa ili ujue ni lipi.

Hatua ya 1: Igeuze sifa iwe dai

"Tumebana" peke yake ni sifa, na sifa haihakikiwi. Igeuze kwa maswali matano: ni nani aliyebana, katika kasma ipi (yaani kipengele kipi cha bajeti), kutoka shilingi ngapi, hadi shilingi ngapi, kwa kulinganisha kipindi gani na kipindi gani? Andika maneno ya msemaji kama yalivyotoka, na tarehe yake. Usipofanya hivyo, wiki ijayo utaambiwa hukuelewa.

Swali la "nani" lina uzito wa pekee Kilosa. Halmashauri ya Wilaya ni moja, majimbo ya uchaguzi ni mawili: Kilosa na Mikumi. Mbunge hana kitabu chake cha matumizi, ukiuacha Mfuko wa Jimbo. Kinachosemwa stendi ya Mikumi na kinachosemwa Kimamba vyote vinarudi kwenye hesabu zile zile za Mkurugenzi Mtendaji. Kisha kuna taasisi zenye vitabu vyao: TANROADS kwa barabara kuu, TARURA kwa barabara za vijijini na mijini, RUWASA kwa maji vijijini, TANAPA kwa Hifadhi ya Mikumi. Mtu anaweza kusema kweli juu ya kitabu kimoja huku wewe unafikiri anazungumzia vyote.

Uliza pia ni fedha za aina gani. Kuna mishahara. Kuna matumizi mengineyo, yale watumishi wenyewe wanayoyaita OC: mafuta ya gari, karatasi, umeme wa ofisi, safari, posho za vikao. Kuna fedha za maendeleo: madarasa, vituo vya afya, matanki ya maji. Na kuna mapato ya ndani, yanayotokana na ushuru na leseni za hapa hapa wilayani. "Kubana" kunakosifiwa ni kule kwa OC. Ukikuta kilichopungua ni fedha za maendeleo, basi umepata habari tofauti kabisa na uliyotangaziwa.

Hatua ya 2: Pima ukubwa kabla ya kushangilia

Chukua kiasi kilichookolewa, kigawe kwa bajeti nzima, zidisha kwa 100,000. Jibu litakuambia ni shilingi ngapi zimeokolewa katika kila shilingi laki moja.

Mfano wa kwanza wengi wanaukumbuka. Rais John Magufuli aliapishwa tarehe 5 Novemba 2015. Ndani ya wiki chache alizuia safari za nje zisizo na kibali, akakata gharama za hafla ya ufunguzi wa Bunge ili fedha ziende kwenye vitanda vya Hospitali ya Muhimbili, na akafuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba. Shilingi bilioni 4 za sherehe hizo zilielekezwa kwenye upanuzi wa barabara ya Mwenge hadi Morocco jijini Dar es Salaam. Bajeti ya mwaka huo, 2015/16, ilikuwa shilingi trilioni 22.5. Piga hesabu: ni karibu shilingi 18 katika kila laki moja.

Mfano wa pili: Desemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alifuta sherehe hizo hizo, na shilingi milioni 960 zikaelekezwa kwenye ujenzi wa mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu katika shule za msingi. Bajeti ilikuwa trilioni 41.48. Ni kama shilingi 2 na senti 30 katika kila laki.

Usiharakishe kuzidharau. Hatua hizi zote mbili zina sifa ambayo kauli nyingi hazina: fedha zilitajiwa kituo. Barabara inaonekana, bweni linaonekana, na mtu anaweza kuuliza kama kiasi kilichotangazwa ndicho kilichofika. Kosa ni kuzichukua kama ushahidi kwamba matumizi ya Serikali yalipungua. Bajeti iliyofuata ile ya 2015/16 ilipanda hadi trilioni 29.5. Huenda ilipanda kwa sababu njema, maana sehemu ya maendeleo iliongezwa hadi asilimia 40, lakini ilipanda.

Sasa linganisha na jambo lisilo na shamrashamra. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2022, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, alilieleza Bunge kwamba kununua, kutia mafuta na kutengeneza magari ya Serikali hugharimu zaidi ya shilingi bilioni 550 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya shilingi 1,300 katika kila laki moja. Anayetaka kubana kwa kweli ana kazi kubwa zaidi gereji kuliko uwanja wa gwaride.

Na unapopima, hesabu sifuri. Februari 2025 kikosi cha kubana matumizi cha Marekani kilichohusishwa na Elon Musk kilichapisha orodha ya akiba zake. Mkataba mmoja uliandikwa wa dola bilioni 8 ilhali ulikuwa wa dola milioni 8. Sifuri tatu za ziada zilimfanya mtu aonekane ameokoa mara elfu moja. Kikosi hicho pia kilihesabu kikomo cha juu cha mikataba, yaani kiasi ambacho kingeweza kutumika, kana kwamba chote kilikuwa kinatoka mfukoni. Kama wenye kompyuta zote hizo walichanganya milioni na bilioni, taarifa ya robo mwaka iliyobandikwa Kilosa nayo inastahili kusomwa mara mbili.

Hatua ya 3: Dai safu tatu

Hapa ndipo kauli nyingi huanguka. Kila kasma ina tarakimu tatu, na mwanasiasa huchagua ile inayompendeza.

Ya kwanza ni makisio: kilichopangwa na kuidhinishwa. Ya pili ni mapokezi: fedha zilizofika kweli kutoka Hazina au zilizokusanywa. Ya tatu ni matumizi halisi. Tuseme OC ya idara fulani ilikisiwa shilingi milioni 100, zikafika milioni 60, zikatumika zote 60. Msemaji atasimama na kusema wameokoa milioni 40. Hakuna aliyeokoa. Hizo 40 hazikuwahi kuwapo, na usiyekula kwa kukosa hujafunga.

Kitaifa pengo hili si la kufikirika. Kwa mwaka 2016/17 bajeti ilikuwa trilioni 29.5, lakini ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu (CAG) wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, ilionyesha makusanyo ya takriban trilioni 25.3. Zaidi ya trilioni 4 zilibaki kwenye karatasi. Yeyote anayelinganisha matumizi na makisio ya mwaka ule atapata "akiba" kubwa ambayo haikumnyima mtu hata safari moja.

Majirani zetu wa Kenya wana mfano ulio wazi zaidi. Baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto aliuondoa Muswada wa Fedha mwishoni mwa Juni 2024. Tarehe 5 Julai akatangaza kupunguza bajeti kwa shilingi bilioni 177 za Kenya na kufuta mashirika 47 ya umma. Lakini muswada ulioondolewa ulikuwa ulete takriban bilioni 346 za kodi mpya. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kilichokatwa ilikuwa mpango uliotegemea kodi ambayo haijakusanywa. Kupunguza ndoto na kupunguza matumizi ya mwaka jana ni mambo mawili.

Kilosa pengo hilo linaweza kutokea kwa njia ya ushuru. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa nchi nzima kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Kwa wilaya yenye miwa ya Ruhembe, mkonge wa Kimamba na Rudewa na vitunguu vya Malolo, punguzo hilo ni nafuu kwa mkulima na pengo kwa halmashauri. Halmashauri inayotumia kidogo kwa sababu imekusanya kidogo haijabana, imebanwa.

Basi fuata kanuni hii: linganisha matumizi halisi na matumizi halisi, robo mwaka na robo ile ile ya mwaka uliopita. Robo ya Julai hadi Septemba usiilinganishe na ya Aprili hadi Juni. Mwaka wa fedha huisha Juni 30, na ofisi nyingi huharakisha kutumia kilichobaki kabla ya siku hiyo.

Hatua ya 4: Angalia kama fedha zimehama tu

Mtu akichukua vitabu vya Halmashauri ya Kilosa vya miaka ya nyuma, ataona miaka ambayo matumizi yameshuka ghafla katika maeneo fulani. Kabla ya kumpongeza yeyote, akumbuke mambo matatu.

Mwaka 2012 Gairo ilitengwa na Kilosa ikawa wilaya. Shule za Gairo, walimu wake na zahanati zake zikatoka kwenye hesabu za Kilosa. Kitabu cha Kilosa kikawa chepesi, lakini gharama yote kwa jumla iliongezeka: wilaya mpya inataka mkuu wa wilaya mpya, mkurugenzi mpya, ofisi mpya, magari mapya.

Julai 2017 TARURA ilianza kazi, na barabara zilizokuwa chini ya halmashauri zikahamia kwake pamoja na fedha zake. Julai 2019 ikafuata RUWASA kwa maji vijijini. Diwani anayesema "zamani halmashauri ilikuwa ikitumia mamilioni kwenye barabara, leo haitumii" anasema kweli, lakini mamilioni hayo yanatumika upande wa pili wa ukuta.

Dawa yake ni swali moja: kazi hii sasa inafanywa na nani, na yeye analipwa kutoka wapi? Jumlisha vitabu vyote viwili kabla ya kutoa hukumu.

Hatua ya 5: Tafuta deni

Baba akijisifu kwamba mwezi huu ametoa nusu ya fedha za jikoni, nenda kaangalie daftari la Mangi dukani. Ofisi nayo ina daftari lake: madeni ya wazabuni waliouza vyakula, mafuta na vifaa, madeni ya watumishi wanaodai fedha za uhamisho, likizo na malimbikizo, bili za umeme na maji. Matumizi yasiyolipwa hayaonekani kwenye safu ya matumizi ya robo hii, lakini yatalipwa tu, wakati mwingine na riba.

Kwa hiyo kila unapoomba taarifa ya matumizi, omba pia orodha ya madeni ya mwanzo wa kipindi na ya mwisho wake. Matumizi yakishuka kwa milioni 30 na madeni yakapanda kwa milioni 30, hakuna kilichobanwa. Barabara ni mfano unaoeleweka kwa kila anayesafiri kati ya Dumila, Kilosa na Mikumi: njia hiyo imejengwa kwa lami kipande kwa kipande, Dumila hadi Rudewa kikitangulia. Kipande kilichosogezwa mwaka wa mbele hakijaokoa fedha. Kimeahirishwa, na bei ya kokoto na dizeli haisubiri mtu.

Hatua ya 6: Zidisha bei kwa idadi

Kiongozi anaweza kusema kweli tupu kwamba safari zimepungua, na bado fedha za safari zikaongezeka. Mwaka 2022 ni funzo zuri. Mwezi Mei Serikali ilitangaza shilingi bilioni 100 za ruzuku ya mafuta, ikieleza kwamba zimepatikana kwa kujibana kwenye matumizi ya kawaida. Mwezi huo huo ikatangazwa pia kwamba posho ya kujikimu kwa safari za ndani itapanda kuanzia Julai: kiwango cha juu kutoka shilingi 120,000 hadi 250,000 kwa siku, cha chini kutoka 80,000 hadi 100,000.

Chukua mtumishi wa kiwango cha juu aliyekuwa akisafiri siku 10. Alikuwa akigharimu 1,200,000. Punguza safari zake kwa nusu, siku 5: sasa anagharimu 1,250,000. Safari zimekatwa katikati na bili imepanda. Posho hiyo ilikuwa imedumaa kwa miaka na watumishi walikuwa na haki ya kulalamika, lakini mtu anayehakiki anahitaji tarakimu zote mbili: idadi na bei.

Kinyume chake pia ni kweli. Bei zikipanda na idadi ya wanafunzi ikiongezeka, bajeti iliyobaki pale pale imepungua kwa kila mtoto, hata kama hakuna aliyetangaza kupunguza. Ndiyo maana jumla peke yake haitoshi. Igawe kwa idadi ya watu wanaohudumiwa.

Hatua ya 7: Angalia kama umebebeshwa wewe

Hatua hii haihitaji hata kufika Kilosa mjini. Anzia shule iliyo karibu nawe.

Tangu Januari 2016, chini ya elimu bila malipo, ruzuku ya uendeshaji ya shule ya msingi imekuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo 6,000 huingia kwenye akaunti ya shule na 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule ya wanafunzi 800 inapaswa basi kupata shilingi 4,800,000 kwa mwaka, yaani 400,000 kwa mwezi. Hesabu hiyo anaweza kuifanya mzazi yeyote. Iweke kando ya taarifa ya kamati ya shule: zimeingia ngapi, miezi mingapi?

Kisha orodhesha michango ambayo wazazi wameombwa mwaka huu: mlinzi, maji, karatasi za mitihani, chakula. Ikiwa ruzuku imepungua na michango imepanda kwa kiasi kinachokaribiana, matumizi hayajabanwa. Yamehamishwa kutoka Hazina kwenda kwenye pochi yako. Zahanati ifanyie hivyo hivyo: dawa zilizokosekana dirishani na kununuliwa duka la dawa barabarani ni matumizi ya umma yaliyogeuzwa ya mgonjwa.

Hatua ya 8: Ukikuta matumizi yamepungua kweli, uliza kimekatwa nini

Wakati mwingine dai litavuka vikwazo vyote. Matumizi halisi yameshuka, madeni hayajapanda, hakuna kilichohamishwa. Bado swali moja limebaki: kilichokatwa kilikuwa mafuta au kilikuwa mfupa?

Uhakiki wa watumishi ulionyesha sura zote mbili. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuondoa zaidi ya watumishi hewa 10,000 kwenye orodha ya mishahara. Kumwondoa asiyekuwapo ni akiba safi, kwani hakuna dirisha la huduma lililofungwa. Aprili 2017 wakaondolewa watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Sheria ilitaka hivyo, lakini hawa walikuwapo, wakifundisha na kuhudumia wagonjwa. Nafasi zao zilipobaki bila mtu, mshahara uliookolewa ulikuwa na gharama kwa aliyefika zahanati akakuta mlango umefungwa.

Kilosa inalijua hili kwa maji. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukaharibu Reli ya Kati na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Katika bonde kama hili, kasma za kusafisha mitaro, kukarabati matuta na kuzibua makalavati ndizo rahisi kuzikata, kwa sababu hakuna atakayelalamika hadi masika. Ukiona akiba imetoka huko, usiihesabu kabla ya kupita misimu miwili ya mvua.

Wapi pa kupata karatasi

Mbao za matangazo. Ofisi za kijiji, kata, shule na zahanati hutakiwa kubandika taarifa za mapato na matumizi. Piga picha kwa simu kila robo. Taarifa ya zamani hubanduliwa, na bila ya zamani huna cha kulinganisha.

Mkutano mkuu wa kijiji. Hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na taarifa ya fedha ni ajenda yake. Usipoitishwa, hilo lenyewe ni jambo la kumuuliza mtendaji wa kata.

Baraza la Madiwani. Nalo hukutana kila robo mwaka. Mwananchi ana haki ya kuhudhuria na kusikiliza. Kutoka Mikumi hadi Kilosa ni safari, kwa hiyo changeni nauli mtume mmoja mwenye mwandiko mzuri. Kikao chenye faida kuliko vyote ni kile maalumu cha kujadili hoja za Mkaguzi Mkuu.

Ripoti ya CAG. Chini ya Ibara ya 143 ya Katiba, hukabidhiwa Rais na kisha huwasilishwa bungeni, kwa kawaida mwezi Aprili. Inapatikana kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, na taasisi ya WAJIBU, iliyoanzishwa na CAG mstaafu Ludovick Utouh, huifupisha kwa lugha nyepesi. Angalizo moja: hati inayoridhisha maana yake ni kwamba vitabu vimeandikwa sawasawa. Haisemi kwamba matumizi yalipungua, wala kwamba yalikuwa ya busara.

Vitabu vya bajeti. Wizara ya Fedha huvitoa kila mwaka. Mkoa wa Morogoro ni Fungu 79, na mikoa na halmashauri zake hupatikana katika kitabu cha tatu. Zabuni za sasa hutangazwa kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma. Ukisikia ununuzi wa magari umesitishwa, tafuta humo.

Barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakupa haki ya kuomba, na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Andika hivi:

"Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa. Yah: Ombi la taarifa za matumizi. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa kata ya (jina). Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba taarifa ya robo ya (taja) ya mwaka huu wa fedha na ya robo kama hiyo mwaka uliotangulia, ikionyesha makisio, fedha zilizopokelewa na matumizi halisi kwa kasma za safari za ndani, mafuta ya magari, matengenezo ya magari na posho za vikao. Naomba pia orodha ya madeni ya wazabuni na watumishi kufikia mwisho wa kila robo. Natanguliza shukrani."

Toa nakala, igongewe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku 30 huhesabiwa kutoka hapo.

Namna ya kuuliza mkutanoni

Uliza swali, usitoe tuhuma. Tuhuma humpa msemaji nafasi ya kukasirika badala ya kujibu. Swali lenye tarakimu humbakiza kwenye tarakimu:

"Mheshimiwa Diwani, shikamoo, na tunashukuru kwa taarifa. Umesema halmashauri imebana fedha za safari. Naomba utusaidie mambo matatu. Robo kama hii mwaka jana zilitumika shilingi ngapi? Mwaka huu zimetumika ngapi? Na hiyo tofauti sasa iko wapi? Kama majibu hayapo leo, naomba mtendaji aandike kwenye muhtasari kwamba yataletwa mkutano ujao."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kilichoandikwa kwenye muhtasari kitasomwa tena mwanzoni mwa mkutano unaofuata, hata kama wewe umesafiri. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi bila muhtasari vivyo hivyo.

Toa hukumu, na iwe ya haki

Ukishakusanya majibu, andika hukumu yako kwa sentensi moja ukichagua mojawapo ya hizi: imebanwa kweli na fedha ziko mahali fulani, haikuwahi kuja, imehamia taasisi nyingine, imegeuka deni, imehamishiwa kwa wananchi, au haijathibitishwa kwa sababu ofisi haijajibu tangu tarehe fulani. Taja karatasi na ukurasa ulikoitoa. Usiongeze chumvi.

Anza na kasma moja tu. Mafuta ya magari ni mahali pazuri: bei ya lita inatangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa hiyo fedha unaweza kuzigeuza lita, na lita unaweza kuzigeuza kilomita. Fuata kasma hiyo kwa robo nne na utajua zaidi kuliko aliyesikiliza hotuba kumi.

Na ukikuta kiongozi amebana kweli, amekata mafuta badala ya mfupa, na kilichookolewa kimeonekana darasani au zahanati, simama katika mkutano ule ule useme hivyo kwa sauti ile ile uliyoulizia. Anayebana kweli hupata maadui ofisini mwake: waliozoea safari, waliozoea semina, waliozoea gari kwenda harusini. Kama wananchi wanampa yeye makofi sawa na yale wanayompa aliyesema tu, hana sababu ya kuendelea kujitesa. Uhakiki wako ndio unaomfanya wa kweli apate faida ya ukweli wake.